Ukiacha Kutafuna, Naacha Kusoma

Saa sita kasoro dakika kumi mchana, gari dogo jeupe la halmashauri linapanda mlima kwa gia ya pili, linateleza kidogo kwenye kona ya daraja, linajirekebisha na kusimama mbele ya nyumba ya mbao yenye rangi nyekundu. Gunnvor Tveitane anashuka na mfuko wa viazi mkono mmoja, riwaya ya mauaji mkono wa pili. Theluji inamfika magotini na hana habari nayo.

Hagongi mlango. Anausukuma, anakung'uta viatu, na kabla hajavua koti sauti inamfikia kutoka jikoni.

"Umechelewa!"

"Sijachelewa, mzee. Saa yako ndiyo ina haraka."

"Mtu kafungiwa ndani ya buti la gari tangu jana, wewe unaniletea habari za saa!"

Aliyefungiwa yumo kitabuni, mwisho wa sura ya kumi na nane. Anayelalamika ni Sjur Brekkhus, mwenye miaka themanini na sita, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ambaye sasa amekaa mezani na kitambaa kifuani na uma mkononi, tayari kwa vita.

Gunnvor, mwenye miaka hamsini na minne, ni msaidizi wa nyumbani katika bonde la Vesledal, magharibi mwa Norwei. Kila siku huzungukia wazee saba. Huwapikia, huwafulia, huwakumbusha dawa, na akiona mtu amevaa soksi moja humtafutia ya pili. Kwa saa hulipwa krone mia mbili na ishirini kabla ya kodi, yaani nusu ya bei ya riwaya mpya yenye jalada gumu, ndiyo maana vitabu vyake vyote hutoka kwenye basi la maktaba.

"Kazi yangu ni kula kwao," anasema huku akimenya viazi. "Wakila nimefanya kazi. Wasipokula, hata nikipiga deki mpaka sakafu ing'ae kama kioo, sijafanya kitu."

Ni Jumatano ya wiki ya Pasaka. Kwa desturi, wiki hii nchi nzima inasoma riwaya za mauaji. Nusu ya bonde imehamia kwenye vibanda vya mapumziko vya mlimani na machungwa, chokoleti na maiti za kwenye karatasi, na hata pakiti ya maziwa iliyo mezani kwa Sjur imechapishwa kisa kifupi cha mtu aliyekutwa amekufa kwenye lifti ya kupandisha mlimani watu wanaoteleza kwenye theluji. Mtu akikuuliza huku Pasaka unafanya nini, anataka kujua unasoma nani na ameshakufa nani.

Gunnvor anaweka sahani mezani: vibonge vya nyama ya kusaga, mchuzi wa kahawia, viazi vitatu, na jamu ya matunda mekundu pembeni. Anakaa upande wa pili, anafungua kitabu, na hasomi.

Sjur anaingiza kipande mdomoni. Taya linaanza kusogea.

Hapo ndipo Gunnvor anaanza kusoma.

Sheria ya meza hii ni fupi, na imetungwa na Gunnvor mwenyewe: ukiacha kutafuna, naacha kusoma. Mzee akimeza na kukaa, sauti inakatika, hata kama bastola imeshainuliwa. Anabaki anamwangalia tu, kidole juu ya mstari, mpaka uma urudi sahanini.

Na kitabu chenyewe hakina huruma na mtu mwenye njaa ya kujua. Nahodha mstaafu wa kivuko anapigwa risasi kwenye banda lake la mashua ukurasa wa tatu. Ukurasa wa kumi mwanawe ameshakamatwa. Polisi wana haraka, magazeti yana haraka, na aliyeona kila kitu ni mmoja tu naye hasemi: Tass, mbwa wa kijivu wa mawindo, mkia umejikunja mgongoni, aliyelifukuza gari la muuaji kwenye barabara ya barafu mpaka miguu ikavuja damu. Tangu hapo kila muuaji anapogeuka, Tass yupo. Kwenye maegesho ya feri yupo. Nyuma ya kiwanda cha samaki yupo.

"Ni yule wa benki," Sjur anasema, mdomo umejaa.

"Wa benki? Mtu anayeogopa kuvuka barabara?"

"Hao hao. Uliona mbwa alivyonusa koti lake?"

"Alinusa koti kwa sababu lilikuwa na soseji mfukoni, imeandikwa."

"Imeandikwa ili wewe uamini! Endelea."

"Tafuna."

Mwandishi wa makala haya ameishi Vesledal miaka ya kutosha kujua jinsi wazee wa hapa wanavyokula: kimyakimya, kwa haraka, kama wanaosubiriwa na ng'ombe. Lakini Sjur amebuni ujanja wake. Kiazi kimoja anakitafuna kurasa mbili nzima. Gunnvor anauona ujanja huo na anajifanya hauoni, kwa sababu kiazi kilichotafunwa kurasa mbili bado ni kiazi kilichoingia tumboni.

Mwezi wa pili hali haikuwa hivyo. Sjur alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Sahani aliyoachiwa mchana alikuwa akiimwaga nyuma ya ghala la kuni mlango ukishafungwa. Gunnvor aligundua kwa sababu ya kunguru.

"Kunguru wa hapa walikuwa wananenepa na mzee anakonda," anasema. "Nikajiambia, Gunnvor, hesabu hii hata wewe unaiweza."

Sababu aliijua. Mwanzoni mwa mwaka Sjur aliteleza kwenye barafu akienda kuchukua kuni, akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali ya mjini kwa helikopta. Nyumbani alibaki Rapp, mbwa wake wa miaka kumi na mitatu. Jirani alikuja asubuhi na jioni kumlisha. Rapp hakugusa kitu. Alilala kwenye zulia la mlangoni na hakuondoka hapo hata alipobembelezwa kwa maini. Sjur aliruhusiwa kurudi Alhamisi. Rapp alikufa Jumatano.

"Aliniambia mara moja tu," Gunnvor anasema akiwa ameshusha sauti, maana mzee haoni vizuri lakini masikio yake ni mazima. "Alisema, 'Alidhani nimemtupa.' Basi. Akageuza uso. Tangu siku hiyo hakula."

Binti wa Sjur, Ingvild, anaishi Bergen na hupiga simu kila jioni. Yeye ndiye aliyeomba kikao na halmashauri. Jumanne baada ya Pasaka muuguzi angekuja na mizani, na kama uzito haujapanda, Sjur angehamishiwa nyumba ya wazee huko chini, karibu na kituo cha mafuta. Ingvild haoni furaha yoyote katika hilo.

"Baba akiwa chini pale, kuna mtu wa kumwona usiku na mchana," alisema kwa simu. "Mimi siwezi kulala nikijua anawalisha kunguru. Lakini najua pia ukimtoa kwenye nyumba ile, hatakaa sana. Sasa wewe niambie, mtoto achague nini?"

Kitabu kiliingia jikoni kwa bahati. Siku moja ya mwezi wa tatu Gunnvor alikuwa akisubiri viazi viive, akatoa riwaya yake mkobani na kusoma amesimama kando ya jiko. Yeye ni msomaji wa mdomo. Anaguna, anacheka, anagombana na watu wa kitabuni. Alipofika kwenye banda la mashua akapiga kelele, "Usiingie humo, we mjinga!"

Kutoka kwenye kiti ambacho hakikuwa kimesema neno kwa siku tatu ikatoka sauti: "Nani asiingie wapi?"

Gunnvor akamsimulia. Nahodha, banda, mlango ulioachwa wazi, mbwa anayenguruma.

"Soma basi," Sjur akasema.

"Kula basi," Gunnvor akajibu.

Wakaangaliana. Kisha mzee akavuta sahani.

Jumatano hii sahani inarudi tupu. Anapofunga kitabu, Gunnvor anakumbana na swali ambalo kila mtu wa nchi hii huulizwa wiki hii.

"Hujasoma mbele?"

"Sijasoma mbele."

"Apa."

"Naapa, mzee. Mimi na wewe tuko ukurasa mmoja."

Hilo si jambo dogo. Katika bonde hili mtu anaweza kuazima msumeno wako asiurudishe na mkaendelea kusalimiana. Lakini mtu aliyesoma mwisho wa kitabu mnachosoma pamoja, halafu akakaa mezani anajifanya hajui, huyo watu humkumbuka.

Ijumaa Kuu, ndani ya gari jeupe, Gunnvor anaendesha kilomita nzima bila kusema. Kwake yeye hiyo ni homa.

"Nimesoma mbele," anasema mwishowe.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Mumewe, Arvid, alikuwa ameshapanda kibandani peke yake, kwa sababu Gunnvor alibadilishana likizo na mwenzake ili asimwachie mzee mtu mgeni wiki hii. Nyumba ilikuwa kimya na kitabu kilikuwa juu ya friji, alikokiweka makusudi ili asikifikie. Akachukua kiti.

"Nilitaka kujua jambo moja tu. Sikutaka hata kujua muuaji. Nilitaka kujua kama mbwa anapona."

Hakuuliza kama mtu anataka kuambiwa. Alijibu mwenyewe.

"Anakufa. Anakufa mlangoni pa banda, anamsubiri bwana wake ambaye ameshazikwa. Mlangoni! Miye nitamsomeaje yule mzee kitu kama hicho siku tatu kabla ya mizani?"

Mpango wake ulikuwa umekamilika alipofika kwenye kona ya daraja. Angesoma yote kama yalivyo mpaka risasi. Baada ya hapo angeinua macho kidogo juu ya karatasi na kutunga. Risasi ingepita mbavuni. Daktari wa mifugo angeshona. Kijana wa nahodha angetoka rumande na kwenda nyumbani na mbwa.

"Hataona," alisema. "Macho yake yamebaki kuona pembeni tu."

Siku hiyo, kwa woga, alisoma sura mbili fupi, akafunga kitabu mapema kwa kisingizio cha barabara.

Jumamosi ya Pasaka kuna mguu wa mwanakondoo. Jiko lina harufu ya vitunguu, na Sjur amevaa shati jeupe. Gunnvor anasoma vizuri kuliko siku zote. Gari linakimbizwa kando ya fjodi, ule mkono wa bahari uliopenya milimani, taa zimezimwa. Yule wa benki anakutwa amekufa, na Sjur anapiga meza kwa hasira ya kukosea. Muuaji anajulikana: ni mkandarasi wa daraja, mtu aliyekuwa akimletea nahodha keki kila Jumapili. Anakimbilia kwenye banda kuchoma ushahidi. Tass anamrukia. Risasi inalia.

Uma wa Sjur unasimama hewani, kisha unaharakisha kurudi mdomoni. Anatafuna.

Gunnvor anavuta pumzi. "Risasi," anasoma, "ilimpita mbwa ubavuni. Haikuingia ndani sana. Daktari wa mifugo, ambaye alikuwa mtu mwema, alifika. Alimfunga bendeji nyeupe. Akampa maji. Mbwa akatikisa mkia, na jua likawa linawaka..."

Sjur ameacha kutafuna.

"Kitabu hiki," anasema taratibu, "kimekuwa kikikimbia tangu ukurasa wa kwanza. Watu hawalali, hawali, hata mswaki hawapigi. Leo kimekaa chini kinakunywa kahawa."

"Labda mwandishi amechoka."

"Gunnvor."

"Naam, mzee."

"Umesoma mbele."

Gunnvor anafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Uso wake umekuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nimesoma."

"Na Jumatano uliapa."

"Jumatano nilikuwa bado. Nimesoma Alhamisi."

"Basi nisomee kilichoandikwa."

"Mzee Sjur, nisamehe, siwezi. Mbwa anakufa."

Kisha mzee anaachia uma na kunyanyua mikono yote miwili juu.

"Sasa umeniharibia na mwisho! Binti mzima! Umesoma mbele, umedanganya, halafu umenitobolea! Umebakisha nini, uniibie na viazi?"

Gunnvor anaanza kucheka na hapo hapo machozi yanamtoka, na ni vigumu kusema kipi kilitangulia. Anajaribu kueleza. Anataja mlango. Anataja zulia. Anataja Rapp kwa jina, jina ambalo halijatajwa jikoni humu tangu mwezi wa kwanza, na baada ya kulitaja anaziba mdomo.

Sjur anapapasa meza mpaka anaupata uma. Anakata kipande cha nyama, anakitia mdomoni, na taya linaanza kusogea. Anakitafuna polepole akimwelekezea Gunnvor uso.

"Natafuna," anasema. "Sheria ni yako. Soma."

Na Gunnvor anasoma. Anasoma kilichoandikwa, neno kwa neno, na kitabu kinarudia mbio zake. Tass amepigwa kifuani. Anaanguka, anainuka. Muuaji anakimbilia msituni, na mbwa anamfuata mpaka anamng'ata koti na kuchana mfuko mzima, kisha anarudi akijikokota kwenye theluji, mita kwa mita, mpaka bandani. Asubuhi afisa wa polisi anamkuta ameganda mlangoni, mfuko wa koti bado uko menoni, na ndani ya mfuko kuna ufunguo wa boti ya nahodha. Saa sita mchana mkandarasi amefungwa pingu. Jioni kijana wa nahodha yuko huru.

Muda wote huo Sjur hakuacha kutafuna. Machozi yalikuwa yakimteremka na kuingia kwenye pembe za mdomo, naye akatafuna. Mwandishi wa makala haya, aliyekaa pembeni na kahawa iliyopoa, haoni aibu kusema kwamba naye alilia.

"Alilala ameelekea wapi?" Sjur anauliza.

Gunnvor anarudi ukurasa. "Mlangoni. Imeandikwa hivyo, pua kwenye kizingiti."

"Rapp naye jirani alimkuta hivyo. Pua kwenye kizingiti." Anafuta uso kwa kitambaa. "Nimefuga mbwa sita. Mbwa aliyekata tamaa anajificha. Anaingia chini ya kitanda, anageukia ukutani, humwoni. Anayelala mlangoni anajua mtu anakuja."

Gunnvor anafunga kitabu.

"Alijua naja," Sjur anasema. "Na kweli nilikuja. Nilichelewa siku moja tu."

Halafu akaomba kiazi kingine, na kitabu kilikuwa kimeshafungwa.

Jumanne muuguzi alifika na mizani. Sjur alipanda amevua viatu na kushikilia meza, mpaka akaambiwa aiachie meza. Alikuwa ameongeza kilo nne na nusu. Muuguzi aliandika kwamba mzee abaki nyumbani, na kwamba ataangaliwa tena majani yakianza kupukutika. Ingvild, kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, aliuliza kitabu kilikuwa kinaitwaje.

Likizo ya Gunnvor inaanza kesho. Atapanda kibandani kwa Arvid kwa wiki moja, kabla theluji ya mwisho haijayeyuka. Akirudi anataka kumwomba msimamizi wake jambo: bonde hili lina wazee wengine watatu wanaokula peke yao wakiutazama ukuta, na jikoni kwa Sjur kuna viti vinne. Anatamani siku moja kwa wiki awakusanye wote pale, sahani nne na kitabu kimoja.

"Watagombania muuaji mpaka chakula kipoe," anasema. "Lakini watakula. Hilo ndilo ninaloliota mimi."

Kwa sasa ameleta riwaya mpya kutoka kwenye basi la maktaba, maiti mbili katika sura ya kwanza, akaiweka mezani. Anamweleza Sjur kwamba msaidizi wa zamu ni kijana mzuri, anapika vizuri na sauti yake ni nzuri kuliko ya kwake, na anaweza kuanza kumsomea kesho.

"Asikiguse," Sjur anasema.

"Mzee, wiki nzima! Utakula vipi?"

"Kwa uma. Nitakula bila kitabu." Anakisogeza kitabu mpaka ukingo wa meza, upande wa kiti cha Gunnvor. "Sasa hivi zamu ya kusubiri ni yangu. Nenda zako, binti. Najua utarudi."